Kisima Kilikuwa Pale Pale

Somo: Mwanzo 21:8-21



Tunawasalimu ninyi nyote mlio Nakivale, Kyangwali, Kiryandongo na kila mahali jarida letu hili linapofika. Sisi ndugu zenu tunaokusanyika hapa Mafubira, pembeni mwa Jinja, tu wazima kwa neema ya Mungu. Wagonjwa tunao, wenye madeni ya kodi ya nyumba tunao, lakini Bwana hajatuacha. Tumeombwa kuandika neno la mwezi huu, nasi tumeona tuwashirikishe yale yaliyotupata Jumapili moja ya mvua, kwa maana yalitufundisha na pia yalituaibisha.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wengi wetu tulifika ibadani tumechelewa, viatu mkononi, nguo zimejaa tope. Kila aliyeingia aliingia na lawama yake: mvua hii, njia hii, paa hili linalovuja. Mzee mmoja miongoni mwetu, aliyeishi Kakuma miaka mingi kabla ya kufika huku, alisimama mlangoni, akanyoosha mikono chini ya maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka kwenye mabati, akanawa uso polepole. Kisha akageuka akatuuliza, "Jamani, mmekwisha kusahau hesabu ya jerikani?"

Wale waliopitia Kakuma walicheka. Halafu wakanyamaza. Hapo ndipo mahubiri ya siku ile yalipoanzia.

Mji wa jangwani ulitufundisha kuhesabu

Kwa wasioifahamu, Kakuma iko Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan, wengi wao wakiwa wametembea kwa miguu mwendo mrefu sana. Baada yao walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine wengi. Leo, pamoja na Kalobeyei iliyo jirani yake, watu wanaoishi huko wamezidi laki mbili. Kwa wingi wa watu ni jiji: kuna maduka, mikahawa, shule, vinyozi, makanisa na misikiti. Lakini ni jiji lililosimama juu ya ardhi kavu. Lodwar, makao makuu ya Turkana, hupata mvua ya karibu milimita 200 tu kwa mwaka, wakati huku Jinja ni zaidi ya milimita 1,000. Mto Tarach unaopita kando ya Kakuma ni mchanga mtupu siku nyingi za mwaka, na unapopata maji huyapata kwa ghafula, kwa fujo, kisha hukauka tena.

Katika mji huo, asubuhi ilianza kwa foleni ya bomba. Jerikani moja ni lita 20. Tuliipanga usiku, tukaiwekea alama ili isipotee, na ilipojaa tuliibeba kama mtoto mchanga. Maji ya kwanza yalikuwa ya kunywa. Yaliyofuata yalikuwa ya kupikia. Kisha ya kumwogesha mtoto, na maji hayo ya mtoto hayakumwagwa, bali yalifulia nguo. Na yale ya kufulia nayo hayakumwagwa, yalipelekwa nje ya mlango, kwenye mche wa mwarobaini. Mche ule ulipokua na kutoa kivuli cha kumtosha mtu mmoja na kigoda chake, tulimwita jirani aje akae.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba Kakuma ilikuwa nzuri. Kulikuwa na nge, vumbi lililofunga macho, watoto wenye homa, na barua zilizosubiriwa miaka na miaka. Wako tuliowazika katika ardhi ile. Mtu asije akatuambia kwamba mateso ni zawadi. Lakini jambo moja tunalikiri: katika jangwa lile hakuna kikombe kilichopita mikononi mwetu bila kuonekana. Tulijua maji yametoka wapi na yanakwenda wapi. Tulijua ni nani aliyetuachia nafasi katika foleni. Jioni, jua liliposhuka na upepo kupoa kidogo, tulikaa nje na kusema, "Leo tumekunywa, tumepika, mtoto ameoga." Hiyo ilikuwa sala yetu, hata siku ambazo hatukuwa na nguvu ya kusali.

Nchi ya kijani ilitufumba macho

Kisha Mungu akafungua njia tukaja Uganda. Tulipofika Mbale, mtoto mmoja aliyezaliwa Kakuma aliutazama Mlima Elgon uliofunikwa na mawingu, akatazama migomba mteremko mzima, akauliza, "Ni nani anayemwagilia vyote hivi?" Watu wazima walicheka. Leo tunaona kwamba mtoto yule alikuwa ameuliza swali la ibada.

Tulipofika Jinja tulikuta Ziwa Victoria mbele yetu na Mto Nile ukianza safari yake. Tulikuta maembe yameanguka chini na hakuna mtu anayeyaokota. Tulikuta malori ya miwa yakielekea Kakira, na watoto wakikimbilia vipande vilivyodondoka. Mwezi wa kwanza tulishukuru kwa kila kitu. Tulishukuru hata kwa matope.

Lakini baada ya mwaka mmoja, mtoto yule yule aliyeuliza ni nani anayemwagilia mlima alikuwa akiipiga teke jerikani kwa sababu ametumwa bombani. Wala hakulianza yeye, alitusikia sisi. Sisi tulianza kulalamika kwamba bomba la mwenye nyumba liko mbali, kwamba maji yanauzwa, kwamba mvua imeloweka kuni. Malalamiko mengine yalikuwa ya haki kabisa. Hata hivyo kitu kilikuwa kimekufa ndani yetu, nacho kilikufa katikati ya majani mabichi. Jangwani hakikufa.

Musa alilijua jambo hili. Someni Kumbukumbu la Torati sura ya 8. Onyo lake kubwa kwa Israeli halihusu siku za jangwani. Linahusu siku watakapokuwa wamekula wakashiba, wamejenga nyumba nzuri na mifugo yao imeongezeka. Wakati huo, anasema, ndio moyo unapoinuka na kumsahau yule aliyewatoa utumwani na kuwapa maji kutoka katika mwamba. Mtu mwenye kiu hamsahau mwenye kisima. Anayemsahau ni yule aliyekwisha kunywa.

Tena tazameni mto huu tunaoupita tukienda sokoni. Maji yanayotoka hapa Jinja hupita Uganda yote, huingia Sudan Kusini, huvuka yale mabwawa makubwa ya Sudd ambako karibu nusu yake hupotea kwa jua, na yaliyobaki hufika Khartoum. Huko Nile Nyeupe hukutana na Nile ya Buluu itokayo Ethiopia, kisha mto mmoja unaingia jangwani hadi Misri, ambako mji kama Cairo, wenye mamilioni ya watu, haungekuwepo bila mto huo. Tone ambalo sisi tunaliona ni uchafu wa barabarani, kwa mwingine ni uhai. Na baadhi ya watu wa Khartoum, waliofukuzwa na vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023, sasa wako Kiryandongo. Wamerudi nyuma kuufuata mto ule ule uliowanywesha nyumbani. Mkikutana nao kisimani, wapisheni kwanza. Wao pia wanajua hesabu ya jerikani.

Hatuwasahau wale ambao maji yenyewe yamewaumiza. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito iliyofurika Mbale iliua watu zaidi ya ishirini na kuharibu nyumba nyingi. Mwaka 2010 mlima uliporomoka Bududa na kufunika vijiji, na baadhi ya waliosalia walipelekwa kuanza upya huko Kiryandongo, karibu na wakimbizi. Kwa hiyo hatumwambii mtu anayetetemeka akisikia radi kwamba ashangilie. Kushukuru si kujifanya huoni hatari.

Hajiri na mgao wa Ibrahimu

Sasa tuje kwenye somo. Hajiri alikuwa mjakazi Mmisri, mgeni katika nyumba ya watu wengine. Aliondolewa asubuhi na mapema pamoja na mtoto wake. Alipewa mkate na kiriba cha maji. Ninyi mnaoishi kwa kadi mnaelewa maana yake: huo ulikuwa mgao wake wa mwisho. Baada ya hapo hakuna orodha tena yenye jina lake.

Akatangatanga katika jangwa la Beer-sheba. Maji yalipokwisha, akamlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali, mwendo wa mshale, kwa sababu hakuweza kumtazama akifa. Akalia. Wako kina mama kati yetu ambao hawahitaji kuelezwa mstari huo. Walishakaa mwendo huo wa mshale.

Angalieni mambo matatu.

La kwanza, Mungu hakumkemea Hajiri kwa kulia. Hakumwambia kwamba hana shukrani. Aliulizwa ana shida gani, na akaambiwa sauti ya mtoto imesikiwa pale pale alipo. Miaka kadhaa kabla yake, katika sura ya 16, Hajiri huyu huyu alimpa Mungu jina kwa sababu aliona kwamba Mungu anamwona. Kabla ya mwanadamu kufunguliwa macho, kwanza anaonwa. Ukimtaka mtu ashukuru na wewe hujamtazama usoni, umeanza mwisho badala ya mwanzo.

La pili, Biblia haisemi kwamba Mungu alichimba kisima saa ile. Inasema kwamba macho ya Hajiri yalifunguliwa, akakiona. Machozi, hofu na kiu vilikuwa vimemfunika. Kisima kilikuwa pale pale.

La tatu, Hajiri hakutolewa jangwani. Mtoto alikua huko huko jangwani, akawa mpiga upinde. Jangwa lilibaki jangwa, na nyumba ya Ibrahimu haikumfungulia mlango tena. Lakini sasa alijua maji yako wapi, na maisha yakaendelea: kuteka maji, kupika, kumlea mtoto, kumtafutia mke. Maisha ya kila siku! Wengi wetu tunaishi kama watu walioko kwenye kituo cha basi. Tunasema tutaanza kuishi siku tutakapopata barua, siku vita vitakapokwisha, siku tutakaporudi Kivu au Bujumbura au Juba. Tunaombea siku hiyo na hatutaacha kuiombea. Lakini Jumanne hii ya leo nayo imeumbwa na Mungu, na mtoto wako hawezi kuahirisha utoto wake mpaka ujibiwe.

Mama aliyetukemea

Tulipofika hapo, wapendwa, tulidhani mahubiri yamekwisha. Tulikuwa tukijiandaa kuimba. Ndipo mama mmoja, mjane, akasimama. Jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye orodha ya mgao kule makazini, na ndiyo sababu alikuwa amekuja Jinja kutafuta kibarua akiwa na watoto wanne. Alisema kwa upole, "Wazee wangu, nimesikia. Lakini Hajiri alioneshwa kisima, hakupewa mawaidha tu. Mimi nimefumbua macho tangu Januari. Nioneshwe kisima changu."

Hakuna aliyejibu. Mvua peke yake ilisikika juu ya mabati. Tulikumbuka Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unavyomsema mtu anayemuaga mwenye njaa kwa maneno ya baraka na asimpe kitu. Tukaona kwamba tumesimama pale pale.

Wiki ile kina mama wa kanisa walikwenda kwake, wakakaa, wakamuuliza habari zake kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumemwona akiingia na kutoka kwa miezi mingi bila kumjua. Wakasikia kwamba kule kwao alikuwa fundi wa kushona. Mmoja wao akakumbuka kwamba nyumbani kwa yule mzee wa Kakuma, yule aliyenawa uso mlangoni, kuna cherehani. Ilikuwa ya marehemu mkewe. Ilikuwa imefunikwa gunia kwenye kona, na kila Alhamisi sisi tulikuwa tukisali katika chumba kile kile, vitabu vyetu vya nyimbo vikiwa vimewekwa juu yake.

Mzee aliposikia alinyamaza kitambo. Kisha akaondoa gunia mwenyewe. Akasema, "Nimewauliza ninyi kuhusu jerikani, kumbe mimi nimekalia kisima."

Mama yule sasa anashona viraka na sare za shule mbele ya kibanda kando ya njia. Hajatajirika. Kodi ya mwezi uliopita bado anadaiwa nusu. Tulipomwomba ruhusa ya kuandika habari hii, alikubali kwa sharti moja: "Msiandike kwamba shida imekwisha." Basi hatuandiki hivyo. Tunaandika kwamba tulidhani yeye ndiye aliyehitaji kufunguliwa macho, kumbe ni sisi.

Majirani zetu walivyotufundisha kusema asante

Katika nchi hii tumejifunza jambo kutoka kwa wenyeji wetu. Ukimkuta mtu akilima, unamsalimia kwa kumshukuru kwa kazi yake, hata kama shamba si lako. Ukimaliza kula unamwambia aliyepika "webale kufumba", yaani asante kwa kupika. Ukibisha hodi unapokelewa kwa "webale kujja", asante kwa kuja. Mwanzoni tulishangaa: unamshukuruje mtu kwa kulima shamba lake mwenyewe? Baadaye tukaelewa kwamba ni namna ya kumwambia mtu, "Nimekuona ukifanya kazi."

Mara ngapi mke amepika miaka mitano bila kuambiwa asante ya chakula? Mara ngapi baba amerudi jioni kutoka kubeba matofali, na salamu ya kwanza ikawa "Umeleta nini?" Mara ngapi binti ameteka maji kabla ya shule, na neno pekee alilosikia ni kwamba amechelewa? Nyumba za wakimbizi zimepoteza mengi ambayo hatuwezi kuyarudisha. Neno la asante halikuchukuliwa na askari wala halikubaki mpakani. Tuliliacha wenyewe.

Tufanye nini basi?

Tumekubaliana hapa Mafubira mambo matatu madogo, nasi tunawaomba mjaribu pamoja nasi mwezi huu.

Kwanza, jioni kabla ya kulala, kila mmoja nyumbani, hata mtoto mdogo, ataje kitu kimoja alichokiona siku ile. Kiwe kitu hasa: sabuni iliyotosha, mwalimu aliyesahihisha daftari, muhogo uliopikika vizuri. Asiyekuwa nacho siku hiyo aruhusiwe kunyamaza au kulia, wala asikemewe. Manna katika Kutoka sura ya 16 iliokotwa kila asubuhi, na ile iliyowekwa mpaka kesho yake ilioza. Nayo shukrani iokotwe upya kila siku.

Pili, kila familia itazame ndani ya nyumba yake na kuuliza: ni kitu gani tumekifunika gunia? Labda ni jembe, labda ni ufundi, labda ni lugha unayoweza kumtafsiria jirani zahanati, labda ni saa moja ya kumshikia mama mwingine mtoto. Usiseme ni kidogo. Waisraeli walipopima manna, aliyeokota nyingi hakuzidiwa na aliyeokota chache hakupungukiwa.

Tatu, kabla ya kumwambia mtu yeyote amshukuru Mungu, nenda kwanza ukakae naye. Jua jina la mtoto wake wa mwisho. Jua anapika nini leo. Ukikuta hapiki kitu, funga Biblia yako kwa muda na urudi na unga.

Wapendwa, Mungu aliyemwona Hajiri chini ya jua la Beer-sheba anawaona katika mahema na nyumba za udongo mlizomo. Hajachoka kusikia sauti za watoto wenu pale walipo. Tunamwomba awafungulie njia ya kurudi nyumbani kwa amani. Na kabla ya siku hiyo, tunamwomba afungue macho yetu na yenu, ili asiwepo miongoni mwetu mama anayekaa mbali kulia huku kisima kikiwa nyumbani kwa ndugu yake.

Ee Bwana, utuonyeshe maji yaliyo karibu nasi, na utupe mikono ya kuyateka kwa ajili ya wengine. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Ni sisi ndugu zenu katika Bwana,
Wazee wa ushirika, Mafubira